Shamba la minazi Kigombe: mhuri wa mwenyekiti unatosha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Tanga mjini kutoka Iringa mwaka huu, nimepanga Makorora. Nimeonyeshwa shamba la ekari 4 Kigombe, njia ya Pangani, lina minazi, mikorosho michache na kijumba cha udongo cha vyumba viwili, wanataka milioni 14. Anayeuza ni kaka mkubwa wa familia, shamba lilikuwa la baba yao aliyefariki 2016, anasema wenzie wote wamekubali. Dalali anasema mwenyekiti wa kijiji atagonga mhuri siku hiyohiyo ila tumpe asilimia 10 yake, na kuna mteja wa Dar anakuja Jumamosi kwaiyo niwahi. Je mhuri wa mwenyekiti unatosha? Na serikali ikinihamisha tena shamba litakuwaje? – Mama Neema

JIBU: Marahaba Mama Neema, na karibu Tanga. Nikujibu kwanza hilo la mhuri maana ndilo linakunyima usingizi: hautoshi. Na huyo mteja wa Dar wa Jumamosi usimwogope, nimemsikia toka naanza kazi ya upimaji huku, kila shamba anakuja Jumamosi na hajawahi kununua hata moja.

Sasa tukae vizuri. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndio mdhamini wake, sisi wengine tunamiliki haki ya kuitumia tu. Sheria zake kubwa mbili zilitungwa 1999, Namba 4 ndio Sheria ya Ardhi na Namba 5 ndio Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikaanza kutumika 2001. Kwaiyo swali la kwanza kabisa unapoonyeshwa shamba, kabla ya bei, kabla hata ya kuhesabu minazi, ni hili ninaposimama hapa ni ardhi ya nani kisheria? Ya mjini, ya kijiji, ya hifadhi, au iko ndani ya hati ya mtu mwingine. Njia ya Pangani ina mtego hapo. Ukitoka mjini unapita Tongoni, hiyo bado ni Jiji la Tanga, ukisogea mbele ukafika Kigombe ushaingia wilaya ya Muheza japo barabara inaitwa ya Pangani na watu wa hapo sokoni kwao ni Tanga. Maana yake ofisi yako ya ardhi ni Muheza, sio Pangani wala mjini. Nimeona watu wamezungushwa wee kwa sababu hio tu.

Tuchukulie ni ardhi ya kijiji kweli. Hapo anayesimamia ni halmashauri ya kijiji, sio mwenyekiti. Halmashauri ya kijiji ni watu 15 hadi 25, wanakaa kikao, kuna mahudhurio, kuna muhtasari, mtendaji wa kijiji ndio katibu anaandika. Mwenyekiti ni mmoja wao na anaongoza kikao, basi. Mauziano ya haki ya kimila, yaani haki ya kutumia ardhi ya kijiji, yanatakiwa yapelekwe mbele ya halmashauri hio yakubaliwe, na Mahakama ya Rufani ilishasema tangu miaka ya 80 na imerudia tena na tena, kwamba kununua ardhi ya kijiji bila kibali cha halmashauri ya kijiji ni sawa na hujanunua. Hata uwe na mkataba wa wakili na picha za pasipoti na dole gumba za watu kumi. Kwaiyo unachokihitaji ni muhtasari wa kikao unaotaja jina lako, jina la muuzaji, ukubwa, mipaka na majirani, wenye sahihi na orodha ya waliohudhuria, na nakala yake ubaki nayo wewe.

Na jua kwamba kijiji kina haki ya kukuuliza maswali. Sheria inataka anayehamishiwa ardhi ya kijiji awe raia mwenye makazi au shughuli zake pale, sasa wewe unakaa Makorora na kwenu Iringa, lazima ujieleze unakuja kufanya nini. Usione vibaya wala usimwachie dalali akusemee. Nenda mwenyewe, ukiwa na barua, wasalimie wazee, sema mie ni nesi nataka kulima na kujenga. Tena nesi! Watakupokea kwa mikono miwili, kijiji gani hakitaki nesi.

Hiyo asilimia 10 haipo kwenye sheria yoyote ya ardhi. Imezoeleka nchi nzima mpaka watu wanadhani ni kodi. Kama kijiji au halmashauri ya wilaya ina ada kwenye sheria ndogo basi italipwa na utapewa stakabadhi ya serikali, ukilipa milioni 1 na laki 4 mkononi mwa mtu chini ya mwembe hujalipa serikali, umemlipa mtu. Na mtu uliyemlipa ili agonge mhuri haraka ndio huyohuyo siku ya kesi atasema "mimi niligonga tu, sikujua kama kuna ugomvi".

Haya, sasa tuje kwenye lililonifanya niandike kirefu, mirathi. "Kaka mkubwa" na "wenzie wamekubali" ni maneno mawili ambayo mie nikiyasikia nafunga daftari. Baba kafariki 2016, shamba ni la marehemu mpaka leo. Kaka mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu kazaliwa wa kwanza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na huku vijijini mara nyingi ni Mahakama ya Mwanzo, wanakaa kikao cha familia wanampendekeza mtu, wanakwenda mahakamani, inatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, kisha anapewa barua ya usimamizi, ile watu wanaiita fomu namba 4. Mwombe hiyo. Kama hana, hakuna mauzo ya kuzungumza, kuna mazungumzo tu. Na kama anayo usiishie kuitazama, chukua namba ya shauri uende mahakama iliyoitoa uhakikishe ni ya kweli na haijafutwa, halafu uliza kama mirathi ilishafungwa, maana msimamizi anatakiwa kurudisha orodha ya mali na hesabu za mgawo, fomu namba 5 na namba 6, huenda hilo shamba lilishagawiwa kwa mtu mwingine kabisa kwenye karatasi hizo.

Hata akiwa na barua, mie ningetaka warithi wote wasaini kuridhia. Na "wote" ya huku pwani ihesabu vizuri dada yangu. Uliza marehemu aliacha wake wangapi. Uliza watoto wa mke wa kwanza wako wapi, kuna mmoja utaambiwa yuko Mombasa, kuna mmoja Pemba "hana shida huyo". Hana shida leo. Uliza kama mama wa marehemu alikuwa hai 2016. Familia za Kiislamu mjane ana thumni yake (moja ya nane) na mama mzazi ana sudusi yake (moja ya sita), watoto wa kike wana mafungu yao, hao wote wana neno ndani ya hizo ekari 4 hata kama hawajawahi kushika jembe. Halafu kuna hili la wanawake watu wanalipita, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaitaka halmashauri ikatae mauziano yanayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi, sasa hicho kijumba cha vyumba viwili nani analala ndani? Kama ni bibi mmoja mjane anauza vitumbua pale barabarani, huyo ndio wa kukaa naye kwanza kabla ya kaka mkubwa. Na kaka mkubwa mwenyewe kama kapewa shamba likawa lake yeye na mkewe wanaishi humo, mkewe asaini pia.

Dai la kurudisha ardhi mtu anaweza kulifungua ndani ya miaka 12. Hesabu kutoka 2016, bado dirisha liko wazi. Wa Mombasa anaweza kurudi.

Na usisahau kuuliza kama shamba ni wakfu. Mashamba ya minazi ya pwani hii baadhi yake wazee waliyaweka wakfu kwa msikiti, kwa madrasa au kwa kizazi chao, na wakfu hauuzwi. Hili dalali hatakwambia, muulize imamu wa pale au wazee wa msikiti, swali la dakika mbili tu.

Kisha minazi yenyewe. Wewe umetoka Iringa, kule shamba na miti yake ni kitu kimoja. Huku kwa desturi mti unaweza kuwa wa mtu mwingine na ardhi ya mwingine. Shangazi alipewa minazi 20 ya upande wa magharibi alipoolewa, jirani aliruhusiwa kupanda mikorosho zamani na anavuna mpaka leo, mwingine kachukua rehani, yaani aliikopesha familia pesa na anakula nazi mpaka alipwe. Wote hawa utawaona siku ya kuangua nazi, wamekuja na mkwezi wao na magunia, na ukiwauliza watashangaa wewe ndio mgeni. Kwaiyo mkataba usiandike "shamba na vilivyomo" ukaona umemaliza. Tembea na muuzaji na jirani mmoja mzee, mti kwa mti, andika idadi ya minazi, mikorosho, miembe, na iandikwe kwamba yote inauzwa na haina rehani wala mshirika. Kuna makaburi? Yawekwe kwenye mkataba na njia ya kwenda kuzuru, maana watakuja tu, na wana haki ya kuja.

Vipimo sasa. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Hio hesabu asili yake si mbaya, hatua ikiwa ndefu karibu sentimita 90 unapata kama mita 63 kila upande na ekari kamili ni mita za mraba 4,047 hivi, inakubali. Tatizo ni miguu ya nani. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 akikupimia 70 kwa 70 amekupa mita za mraba 2,756 tu, hiyo ni kama theluthi mbili ya ekari, sasa zidisha mara 4 uone umenunua ekari ngapi kwa milioni 14. Mchukue mpima wa wilaya au mpima binafsi aliyesajiliwa, apite na GPS kila kona, majirani wote wawepo wasimame kwenye mipaka yao, na wasaini. Usiridhike na "mpaka ni pale kwenye minyaa". Minyaa inaota, inakufa, inasogezwa usiku.

Hapohapo kwenye vipimo muulize mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huo unasema wapi makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi msitu wa kijiji. Ukikuta ekari zako ziko upande wa malisho hata kikao kikikubali unajitafutia ugomvi na wafugaji. Na kama kijiji kina hivyo viwili na masjala yake, basi baada ya kununua unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako, hio ndio ya kukimbilia, sio karatasi ya mauziano peke yake.

Kigombe ina mambo matatu ya mahali pale nikutajie haraka. Mkonge upo jirani, na mashamba ya mkonge yana hati zake, mtu anaweza kuwa amelima kwenye pori la mkonge kwa miaka mingi akaona ni lake akakuuzia, kumbe hata kijiji hakina mamlaka hapo, kwaiyo mpima alinganishe kona za shamba lako na ramani za ofisi ya ardhi Muheza. La pili bahari. Kama shamba linagusa pwani, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na pwani hii yote imo kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009, kwaiyo ile picha ya kibanda cha wageni kinachotazama maji ishushe kidogo. La tatu barabara. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na hii ndio njia ileile ya Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga inayojengwa lami, bei zimepanda kwa sababu yake na hata X, zile alama za kubomolewa, nazo zimepanda. Ukiona X ya kijani kwenye ukuta wa kijumba ina maana mwenyewe anastahili fidia, uliza fidia hio atalipwa nani, wewe au kaka mkubwa. Nyekundu haina fidia, na hapo usilipie hata mita moja.

Maji: onja kisima cha hapo mwezi wa pili, sio wakati wa masika. Karibu na bahari visima vifupi vinageuka chumvi kiangazi, na minazi itavumilia ila mchicha wako hapana.

Sasa la kuhamishwa tena, na hili ni la maana kwa watumishi wote wa serikali wanaosoma hapa. Ardhi ya kijiji ukiiacha bila kuitumia, sheria inakiruhusu kijiji kuihesabu kuwa imetelekezwa ikipita miaka mitano. Sio kwamba watakunyang'anya kesho yake, kuna taratibu na matangazo, lakini ukiwa Kigoma huko tangazo lililobandikwa kwenye mti Kigombe utalionea wapi? Kwaiyo ukihamishwa, shamba liwe na mtu, na huyo mtu awe na karatasi inayosema yeye ni mtunzaji, analipwa nini au anakula nini cha shambani, na hana haki ya kuuza, kukodisha wala kupanda miti ya kudumu bila ruhusa yako. Nakala moja kwa mtendaji. Usimweke bure bila maandishi kwa sababu "ni mtu mwema", mtu mwema akikaa miaka 12 anazaa watoto pale na watoto hawajui kama ulikuwepo. Ukiandikisha weka na jina la mumeo kama mko pamoja, mmoja akiwa mbali mwingine anaweza kwenda.

Kwa maoni yangu, na hapa unaweza kunipinga, mtumishi aliyefika mkoani hajamaliza hata mwaka asinunue shamba la mirathi. Kama shida ni pa kukaa, tafuta kiwanja kilichopimwa maeneo ya Mwahako, Kange au Pongwe, chenye namba, ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati, ile mitaani wanaita sachi, unajua siku chache tu kama kina mkopo au zuio. Ni kidogo kuliko ekari 4, na hakina minazi, lakini siku ukihamishwa unakipangisha au unakiuza bila kuitisha ukoo. Shamba hukodishwa pia. Waambie hao wa Kigombe wakukodishe msimu mmoja ulime muhogo, utajua majirani, utajua maji, utajua kama yule wa Mombasa yupo au hayupo, yote hayo kwa pesa kidogo sana.

Ukiwa umeshalipenda hilohilo na roho haitulii basi fanya hivi. Mwambie kaka mkubwa kwa heshima kabisa kwamba uko tayari kununua siku akiwa na barua ya usimamizi, na kama familia haina nauli ya kwenda na kurudi mahakamani unaweza kuwachangia kidogo kwa maandishi ikakatwe kwenye bei, hapo utajua kama yuko siriasi. Usitoe "ya kushika", yaani pesa ya kushikilia shamba. Mkikamilisha, wakili aandike mkataba kwa Kiswahili ambacho muuzaji anakisoma mwenyewe, malipo yaende benki kwenye akaunti ya msimamizi sio ya dalali, sehemu ndogo baada ya kupima na kusaini, kubwa baada ya kikao cha halmashauri ya kijiji kupitisha. Kodi ya ongezeko la mtaji ya TRA kisheria ni ya muuzaji, ila iandikeni mapema nani analipa, la sivyo wakati wa kuhamisha utaambiwa ni wewe. Dalali alipwe mwisho kabisa, na alipwe na aliyemtuma.

Jumatatu nenda Kigombe na daladala ya asubuhi bila dalali, muulize mtendaji maswali matatu tu: shamba hili lipo ndani ya ardhi ya kijiji, limewahi kuwa na mgogoro kwenye baraza la ardhi la kijiji, na kikao kijacho cha halmashauri ni lini. Akikwambia kikao si lazima, rudi mjini na daladala hiyohiyo.